Jibu: Mratibu asiyeletewa taarifa na idara

Salaam ndugu. Umeuliza ufanye nini iwapo unaratibu mradi wa upandaji miti katika serikali ya mtaa na idara hazikuletei taarifa. Anza na barua yako ya uteuzi pamoja na hadidu za rejea, yaani maelezo ya majukumu na mipaka ya kazi yako. Kama hazitaji nani akuletee taarifa na lini, mwombe mtendaji mkuu atoe waraka, kwa kuwa mratibu kwa kawaida hana amri juu ya watumishi wa idara nyingine. Nami nilikwama hapo hapo: daftari la kitalu lilionyesha miche yote imetoka kitaluni, ilhali mingi ilikuwa imekauka ndani ya viriba vyake (vifuko vya kuoteshea miche), kwani fedha za kumwagilia hazikuwamo katika kifungu cha bajeti cha idara yoyote. Sasa nahesabu miche iliyo hai, tena kwa macho yangu, kabla ya kusaini taarifa ya robo mwaka.