Saratani imesambaa, nyonga nayo imesagika: nikubali operesheni?

SWALI: Dokta, habari za kazi. Nina miaka 63, nauza vitumbua Mbagala Rangi Tatu. Saratani ya titi imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Nameza vidonge, kliniki yangu ni Ocean Road. Sasa nyonga ya kulia imenishinda. Nimeambiwa imesagika, naweza kuwekewa ya bandia. Mwanangu mkubwa kasema, "Mama, kisu cha nini tena?" Mimi nataka tu nishuke daladala bila kubebwa.
Mama Vitumbua

JIBU: Shikamoo mama. Kushuka daladala mwenyewe ni sababu ya kutosha, na simuungi mkono mwanao. Saratani kusambaa peke yake haikufungii mlango wa operesheni.

Ila kwanza ijulikane kinachouma ni nini. Saratani ikiingia kwenye mfupa wa paja huuma vilevile, na eksirei inaweza isiionyeshe mapema. Ukiandikiwa MRI, kipimo cha picha kinachoona ndani ya mfupa, usiikwepe. Ikikutwa ni saratani, mionzi hutuliza maumivu; mfupa ukiwa karibu kuvunjika, huwekewa chuma, tena haraka.

Ikiwa ni kusagika tu, hapo ni hesabu ya muda. Wiki za mwanzo ni za magongo, na kupata nguvu sawasawa huchukua miezi. Muulize daktari wa saratani bila kuzunguka: ugonjwa wangu umetulia kiasi cha kunipa miezi hiyo? Vidonge vyangu visimamishwe lini, virudi lini? Vingine hushusha chembe nyeupe za damu, vingine huongeza hatari ya damu kuganda mguuni, hatari ambayo saratani na operesheni yenyewe tayari zinayo. Yeye na daktari wa mifupa waongee wenyewe, usigeuzwe tarishi.

Halafu kuna la nyumbani, ambalo hospitalini halisemwi sana. Nyonga mpya inaweza kuchomoka ukichuchumaa au ukikaa chini sana. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, kiti cha choo kitafutwe kabla hujalazwa. Kibao cha mbuzi mwachie mjukuu.

Ukiamua kutofanya, ipo sindano ya kupigwa ndani ya nyonga, na ipo mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Fimbo shika mkono wa kushoto; wengi huishika upande unaouma, halafu wanasema haisaidii. Diklofenaki za duka la dawa usijinunulie, zinaweza kuumiza figo na tumbo.

Siku ya kliniki nenda na huyo mwanao, amuulize daktari mwenyewe hilo swali la kisu.