Je, Mdogo Wangu Aache Sindano?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, alilazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, mwaka jana baada ya kusikia sauti za watu wasioonekana, tukaambiwa ni skizofrenia. Sasa anaendelea vizuri kwa sindano ya kila mwezi, isipokuwa mikono inamtetemeka hadi anamwaga chai. Jirani yetu msomi amemwambia baba kwamba Wazungu wenyewe wamethibitisha kuwa sisi huku tunapona ugonjwa huu bila dawa, na baba anataka sindano isimame. Pia yuko mwenye shamba la zabibu anayetaka kumwajiri kupogoa. Je, tumfiche kwamba kijana aliwahi kulazwa?
Dada Mtu, Mvumi, Dodoma

JIBU: Marahaba, dada. Jirani yenu hakuyatunga hayo. Alichokisoma kipo, ila amekisoma nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilianza kuwafuatilia wagonjwa 1,202 katika nchi tisa, wengi wao wakiwa na skizofrenia, na miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wa Ibadan nchini Nijeria na Agra nchini India walikuwa, kwa wastani, na hali nzuri kuliko wenzao wa nchi tajiri. Utafiti wa pili, ulioanza 1978, ulileta picha inayofanana, na ndani yake wagonjwa wengi wa nchi maskini walikuwa wametumia dawa kwa muda mfupi tu. Hapo ndipo jirani yenu alipoushika mkia akadhani ameshika ng'ombe.

Tafiti hizo hazikupangwa kuipima dawa. Zilihesabu nani alipata nafuu na wapi, lakini hazikuwagawa wagonjwa wanaofanana katika kundi la wanaochomwa sindano na kundi la wasiochomwa, na isitoshe katika nchi maskini wengi waliingia utafitini wakiwa na ugonjwa uliozuka ghafla, ambao popote duniani una kawaida ya kutulia upesi kuliko ule unaonyemelea polepole. Mwaka 2008 watafiti wengine walikusanya tafiti 23 kutoka nchi 11 zisizo tajiri na kukuta matokeo yanatofautiana sana: kuna mahali wagonjwa walikuwa na nafuu ya kweli, na kuna mahali walikuwa wameteseka miaka mingi bila kutibiwa.

Walioipima dawa yenyewe ni wengine. Mapitio ya majaribio 65, yaliyochapishwa 2012 na kuhusisha wagonjwa karibu 6,500 waliokwisha kutulia kwa dawa, yalionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia 64 katika kila 100 ya walioachishwa, na 27 katika kila 100 ya walioendelea. Sitaki kukuficha kwamba hesabu hiyohiyo inasema wapo walioacha wakabaki salama, lakini hakuna daktari awezaye kuwatambua kabla. Mumweleze baba pia kwamba dawa ya sindano huisha mwilini polepole, hivyo wiki za kwanza baada ya kuacha zinaweza kupita vizuri kabisa, na utulivu huo umekwisha kuzidanganya familia nyingi.

Nadhani, hata hivyo, kwamba kinachomuumiza baba ni ile chai inayomwagika, na hapo ana haki. Kutetemeka ni athari inayojulikana ya dawa nyingi za ugonjwa huu. Mhudumu wa kliniki anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza kidonge cha kutuliza mtetemo. Nendeni pamoja, na baba mwenyewe aseme alichokiona, maana kijana akiulizwa hali yake atajibu "nzuri" ili awahi gari la kurudi.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza. Huko London, George Brown na wenzake walionyesha mwaka 1972 kwamba wagonjwa waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, au zenye kuwalea kupita kiasi kama watoto, ugonjwa uliwarudia mara nyingi zaidi kuliko waliorudi kwa ndugu watulivu. Ugomvi wa sindano usifanyike mbele yake wakati wa chakula.

Kuhusu mwenye shamba, hofu yenu si ya Mvumi peke yake, japokuwa kwetu Dodoma jina Mirembe limegeuzwa tusi la kurushiana sokoni. Katika utafiti wa nchi 27 uliochapishwa 2009, watu 732 wenye skizofrenia waliulizwa maisha yao, na asilimia 72 walisema wanaona haja ya kuuficha ugonjwa. Asilimia 43 walikuwa wamebaguliwa na ndugu zao wenyewe. Siri hii ni ya kijana, kwa hiyo muulizeni yeye kwanza. Mimi ningemshauri asianze nayo siku ya kwanza, wala asidanganye akiulizwa. Siku ya kliniki itamlazimu kuomba ruhusa kila mwezi, na ni afadhali mwenye shamba alisikie jambo hili kutoka kwake, baada ya kumwona akipogoa mistari miwili mitatu ya mizabibu, kuliko kulisikia kilabuni.