Kabla ya kununua simu iliyotumika, uliza inatoka kwa nani

Ndugu na marafiki wanaojua kuwa ninafuatilia habari za simu hunitumia picha mara kwa mara, hasa mishahara inapotoka, wakitaka kujua kama simu fulani ya laki mbili na nusu inafaa kununuliwa. Hunieleza ukubwa wa memori, ubora wa kamera na jinsi chaji inavyokaa tangu asubuhi hadi usiku. Siku hizi, kabla sijajibu lolote, huwauliza kwanza simu hiyo inatoka kwa nani. Wengi hawana jibu zaidi ya kusema kuwa kuna kijana anaiuza, au kwamba ni ya jamaa mmoja mwenye shida ya hela. Mwaka 2021 mimi pia sikuwa na jibu zaidi ya hilo, na nililipata nikiwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi.

Simu hiyo niliinunua kwa shilingi 280,000 kutoka kwa kijana niliyeunganishwa naye na mwenzangu wa kazini. Tulikutana karibu na kituo cha daladala, Tabata, jioni watu wakirudi makwao. Niliikagua kama tunavyokagua wengi wetu: niliwasha tochi, nikapiga picha mbili, nikampigia mke wangu ili nijue kama spika na maiki ziko sawa, kisha nikagusa kioo pembe zote nne. Chini ya kamera palikuwa na mkwaruzo mdogo wenye umbo la mkia wa samaki, na kwa ajili ya mkwaruzo huo nilipunguziwa elfu ishirini. Boksi halikuwapo wala risiti. Kijana alisema vimebaki kwao Morogoro. Niliweka laini yangu, ikasoma, nikamtumia fedha kwenye namba aliyonitajia, tukaagana vizuri.

Baada ya wiki kama kumi na moja nilipigiwa simu saa tatu asubuhi kwa namba nisiyoifahamu. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni mpelelezi, akayataja majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, akanitaka nifike kituoni nikiwa na simu ile ile niliyokuwa nikizungumzia. Hapa niseme jambo moja kabla sijaendelea, kwa kuwa matapeli nao hutumia jina la polisi: ukipigiwa simu ya namna hiyo usitume fedha yoyote ya "kumaliza suala", bali nenda mwenyewe kituoni, ikiwezekana ukiwa na mtu wa pili, umuulizie huyo afande kaunta.

Mezani kwa mpelelezi palikuwa na boksi jeupe lililochakaa pembe, na pembeni alikaa binti mwanafunzi wa chuo aliyekuja na mama yake. Nilielekezwa nibonyeze *#06#. Tarakimu 15 zikajitokeza kwenye kioo, na mpelelezi akaanza kuzisoma kwa sauti, tatu tatu, huku yule binti akizifuata kwa ukucha kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa boksi. Zilipoisha, zote zikiwa sawa, binti aliichukua simu, akaigeuza, akaupapasa ule mkwaruzo kwa kidole gumba na kusema kuwa ulitokea simu ilipoanguka kwenye ngazi za hosteli. Nilimwambia, "Pole mdogo wangu," na sikuwa na neno jingine.

Watu wengi hawajui nilipatikanaje, na ni muhimu wajue, maana hapo ndipo penye kiini cha ushauri wangu. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, yaani IMEI, yenye tarakimu 15. Tarakimu nane za mwanzo hueleza aina na modeli, zinazofuata hutofautisha simu moja na nyingine, na ya mwisho ni ya kuhakiki kuwa zilizotangulia ziko sahihi. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Simu inapojiunga na mtandao, kampuni ya simu huiona IMEI hiyo pamoja na laini iliyomo ndani. Laini nazo husajiliwa kwa alama za vidole. Usajili huo ulianza nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo binti alipotoa taarifa ya wizi, akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake polisi, na polisi wakaulizia ile IMEI, iliyorudi ilikuwa namba yangu, na nyuma ya namba hiyo vilikuwapo vidole vyangu. Sikuwa nimemwibia mtu, lakini tangu dakika nilipoweka laini pale kituo cha daladala, simu ya wizi ilikuwa na jina langu.

Nimewasikia watu wakibishana kama usajili wa alama za vidole ni ulinzi au ni kufuatiliana. Maoni yangu, baada ya kukaa upande ule wa meza, ni kwamba umemrudishia binti yule mali yake, na kwa hilo ninaushukuru. Lakini pia umemfanya mnunuzi wa mwisho kuwa mtu wa kwanza kuulizwa, huku aliyeiba akiwa ameshatupa laini na kwenda zake. Sioni kuwa hiyo ni sababu ya kuufuta. Naona ni sababu ya kila mnunuzi kujilinda kwa ushahidi kabla ya kutoa fedha.

Sheria nayo haimlindi sana anayenunua kwa kuamini tu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 311, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Maneno hayo, "sababu ya kuamini", ndiyo yanayopaswa kutukosesha usingizi, kwa sababu bei iliyo nusu ya bei ya dukani, muuzaji asiye na boksi wala risiti, na mauziano ya haraka kando ya barabara ni mambo ambayo mpelelezi yeyote atakuuliza kwa nini hayakukushtua. Hata ukionekana huna kosa la jinai, simu hubaki si yako: chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mtu asiye mmiliki na asiye na ruhusa ya mmiliki kwa kawaida hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Unayeweza kumdai fedha zako ni aliyekuuzia, endapo utampata.

Kwa hiyo anza na IMEI. Bonyeza *#06# wewe mwenyewe, usikubali kusomewa, kisha linganisha tarakimu na zilizo kwenye boksi na zilizo kwenye mipangilio ya simu. Zikitofautiana, acha. Halafu tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nawe utajibiwa kwa kutajiwa aina na modeli. Ikiwa mkononi umeshika Samsung na jibu linataja simu nyingine kabisa, ujue IMEI imechezewa au simu ni bandia. Wengi tunakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu wakaamka wakiwa na vifaa visivyopiga wala kupokea. Kumbuka hata hivyo kuwa jibu la 15090 halikutajii mwenye simu. Ningependa sana siku moja mnunuzi aweze kutuma namba hiyo hiyo na kujibiwa kama simu imewahi kuripotiwa kuibwa, kwa kuwa taarifa hizo zipo mikononi mwa vyombo vyetu na zingezuia biashara hii tangu sokoni.

Wapo mafundi wanaokuambia kuwa IMEI si tatizo, wanaweza "kuibadilisha" kwa elfu kumi na tano. Tafadhali usikubali. Kuibadilisha ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na mtu mwenye simu halali hana haja ya huduma hiyo.

Jambo la pili ni akaunti. Tangu mwaka 2013 simu za iPhone zimekuwa na kufuli linaloifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe, na simu za Android zilipata la kwao kuanzia toleo la 5.1 mwaka 2015. Kufuli hilo haliondoki kwa kuifuta simu. Ukiifuta bila kuondoa akaunti kwanza, itakapowaka itadai nywila ya mwenye akaunti. Hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia, na hakina gharama. Mwombe muuzaji, mbele yako, aingie kwenye mipangilio, aondoe akaunti yake ya Google au iCloud kwa nywila yake mwenyewe, kisha airudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Itakapowaka, endelea nayo hadi ufike kwenye ukurasa wa kwanza bila kuombwa akaunti ya mtu mwingine. Mwenye simu yake huchukua dakika tano kulifanya. Anayesema amesahau nywila, kwamba akaunti ni ya dada yake aliye safarini, au kwamba fundi ameshaitoa, huyo mshukuru kwa muda wake na uondoke, hata kama bei imeshuka hadi mahali ambapo moyo unauma kuiacha. Anayeiuza simu ikiwa tayari imefutwa naye aeleze ni kwa nini, na aoneshe boksi au risiti.

Kioo, betri na kamera sitavizungumzia sana, maana hayo wengi mnayajua kuliko mimi. Kuhusu simu zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai na kuuzwa madukani Kariakoo, kipimo cha akaunti ni kile kile, ila hapo una duka lenye mlango na unaweza kudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Idai. Risiti yenye jina la duka na tarehe, ambayo muuzaji ameongezea IMEI kwa kalamu, ingenitoa mimi pale kituoni kwa robo saa.

Kwa mauziano ya mtu na mtu andikeni karatasi. Hatushangai kuandikiana hati mbele ya mjumbe tunapouziana pikipiki, lakini kwenye simu ya laki tatu tunaona kama ni kumdhalilisha mwenzetu. Mimi hutumia ukurasa wa daftari la kaunta: majina matatu ya muuzaji, namba ya kitambulisho, namba yake ya simu, modeli, IMEI zote, bei, tarehe, sahihi zetu wawili na ya shahidi mmoja, kisha ninaipiga picha. Muuzaji naye inamfaa, kwani simu hiyo ikija kutumika katika uhalifu kesho, ana uthibitisho kuwa ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Mwaka uliofuata nilipotafuta simu nyingine, muuzaji wa kwanza aliiona kalamu akasema ana haraka. Wa pili, mama mmoja muuza vitenge, aliandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri kuliko wangu na akaniuliza kama nataka na nakala ya risiti yake.

Lipia kwa namba ya simu badala ya fedha taslimu, na usome jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Jina hilo mimi sikulisoma. Nilipofungua ujumbe wa muamala mbele ya mpelelezi, jina la aliyepokea fedha lilikuwa la mwanamke, wakati niliyekutana naye alikuwa kijana wa kiume aliyejitambulisha kwa jina jingine kabisa. Lilikuwa limeandikwa kwenye kioo changu siku ile ile, nami nikalipita kwa sababu macho yalikuwa kwenye simu mpya. Hata hivyo, ujumbe huo ndio ulionisaidia zaidi, kwa kuwa ulionesha siku, saa na kiasi nilicholipa, na ukawapa polisi mahali pa kuanzia. Niliandika maelezo, nikayasoma mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, nikaruhusiwa kurudi nyumbani alasiri. Simu ilibaki kama kidhibiti, na shilingi 280,000 sijazipata hadi leo.

Kwa simu uliyo nayo tayari, bonyeza *#06# leo na uziandike tarakimu hizo mahali ambapo si ndani ya simu yenyewe. Bonyeza pia *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiiona usiyoijua nenda kwa wakala wa mtandao huo ikaondolewe. Yule binti alipata haki yake kwa sababu ya boksi lililochakaa ambalo mama yake alikuwa akiwekea vifungo na sindano. Nyumbani kwetu IMEI za simu zote, yangu, ya mke wangu na ya kijana wetu wa kidato cha nne, zimeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya jalada la daftari la matumizi, na chini yake imebandikwa risiti ya mama wa vitenge.