Disemba Hakuna Jua, Nikapige Picha Gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Kaka yangu anaishi Tromsø, Norway, na kanialika Disemba. Nimezoea kupiga machweo ya Ras Kigomasha, lakini naambiwa kule mwezi huo jua halichomozi. Nitapiga nini? Na ile mianga ya kijani ya angani usiku (aurora) naipataje?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Uliyoambiwa ni kweli. Tromsø iko karibu nyuzi 70 kaskazini, na tangu mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi. Lakini si kiza cha kutwa. Adhuhuri kuna saa chache za mwanga wa buluu, na upande wa kusini mbingu hupiga uwaridi. Huku kwetu magharibi inatukimbia, hujamaliza kufungua stendi ya kamera imeshakwisha. Kule mwanga ule hukaa. Mimi ningeshughulika nao kuliko kukesha nawinda mianga, ingawa najua hutonisikia.

Haya, mianga. Ni chembe kutoka kwenye jua zinazogonga hewa ya juu kabisa. Ukijani ule ni wa oksijeni, kilomita 100 na zaidi juu yako. Kamera kwenye stendi, lenzi pana, tundu la lenzi wazi kabisa, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 hadi 3200, shata ikae wazi sekunde 5 mpaka 15. Ikicheza kwa kasi punguza sekunde, la sivyo utapata ukungu wa kijani tu. Fokasi iweke kwa mkono: lenga nyota, ikuze kwenye skrini, zungusha mpaka iwe nukta. Mjini kukiwa na mawingu, kaka akupeleke bonde la Skibotn, njia ya kwenda Finland, huko ni pakavu zaidi.

Theluji kamera huigeuza kijivu, kama inavyoufanya mchanga wa Vumawimbi. Ongeza mwanga stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga maradufu). Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, baridi inazimaliza upesi.

Kinachoua kamera hasa ni kuingia nayo ndani. Ukitoka baridini ukaingia sebuleni, inatoka jasho mpaka ndani ya lenzi. Kabla hujafungua mlango itie kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa, na usiuguse kwa saa moja au mbili. (Mifuko hiyo huku marufuku, kaka akuwekee mmoja.) Kadi itoe ukiwa bado nje, maana hutokuwa na subira ya kuziona picha.