Nikon P900 na Sony RX10 IV: nimezitembeza zote mbili Momella

Watu wananiuliza sana, nichukue kamera ya P900 ya Nikon au RX10 IV ya Sony, na wengi wakishaona 2000mm kwa 600mm (urefu wa lenzi, namba kubwa ndo inavuta mbali zaidi) wanaona mechi imeisha. Haijaisha jamani. Ya Nikon ni yangu, ya Sony ni ya kaka yangu, nimezipiga zote hifadhi ya Arusha na jibu linategemea umesimama wapi.

Asubuhi maziwa ya Momella, hewa bado ya baridi, heroe wako ng'ambo kule kwa macho unaona mstari wa pinki tu. P900 inawavuta mpaka unaona mdomo ulivyopinda. Sony inaishia 600, ukitaka ndege alingane na yule wa Nikon inabidi uikate picha, na zile megapikseli 20 zinabaki hata 2 hazifiki. Hapo sibishani, Nikon. Ukipiga mwezi wa angani nako hivyo hivyo.

Sasa ingia msituni kwa mbega. Kule kuna giza aisee hata mchana, na mbega ni mweusi ti na mweupe pe kwenye mwili mmoja, P900 ukiivuta mpaka mwisho lenzi iko f/6.5 (namba ya f ikikua, mwanga unaoingia unapungua), mwanga hautoshi, ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, inapanda, picha inajaa chenga, halafu kamera ikizisafisha hizo chenga inasafisha na manyoya humo humo, ule mkia mzuri unakuwa kama umepakwa kwa brashi ya ukutani. Na haina RAW, ile picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, kwa hiyo ukifika nyumbani huna cha kuokoa. Sony ina sensa (kile kipande kinachonasa mwanga) ya inchi 1, eneo lake ni kama mara 4 ya ile ya Nikon, na ukiwa 600 bado una f/4. Unywele mmoja mmoja unauhesabu. Mimi napenda mbega kuliko ndege, ndo maana kila mara namwazima kaka.

Ila P900 inaonewa kwenye kitu kimoja, joto. Jua la saa saba hewa inacheza juu ya ardhi, ukivuta kitu cha mbali picha inatoka kama umepiga kupitia maji. Miezi kadhaa nilidhani lenzi yangu mbovu, nikataka hata kuiuza, kumbe nilikuwa nachelewa kuamka tu.

Bei ni mbali sana, P900 ilitoka 2015 kwa dola 600 hivi, RX10 IV 2017 kwa dola 1,700, siku hizi wengi tunaokota yuzdi, zilizokwishatumika. Ukienda kuchukua yuzdi beba memori kadi yako, vuta lenzi mpaka mwisho, lenga kitu kilichoko kivulini, piga tano sita, kisha ukazikuze kwenye kompyuta kabla hujatoa hela, maana kwenye kioo kidogo cha kamera kila picha ni kali.