Maswali na Majibu: Hofu ya Ghafla kwa Mwenye Kisukari, Pumu au Presha

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina kisukari na ninajichoma insulini. Nikiwa kwenye daladala moyo huanza kwenda mbio ghafla, mikono hutetemeka, jasho hunitoka na huona kama ninakufa. Kila mara hukimbilia soda, na sasa kliniki wanasema sukari iko juu. (Mama, Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba. Sukari inaposhuka mwili humwaga adrenalini (homoni inayoharakisha moyo), na adrenalini hiyohiyo ndiyo humwagika mtu anaposhikwa na hofu, kwa hiyo hata mgonjwa mzoefu hawezi kutofautisha hali hizi mbili kwa kuhisi tu. Toboa kidole upime, hata kama abiria wenzako wanakutazama. Mashine ikisoma chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L (au chini ya 70 kwa zile zinazosoma kwa miligramu), kunywa sukari ipatayo gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, kisha upime tena baada ya dakika 15. Ikisoma 8, soda haina kazi. Usipokuwa na mashine, chukulia kwamba sukari imeshuka, kwa maana sukari kuzidi siku moja ni hasara ndogo kuliko kuzimia barabarani. Fahamu pia kwamba aliyezoea sukari ya juu kwa muda mrefu anaweza kutetemeka hata mashine ikisoma 6. Andika namba hizo uzipeleke kliniki.

Kipimo kikiwa sawa, baki kwenye kiti. Vuta hewa puani polepole ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, na uendelee hivyo. Kwa kawaida hofu hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kupungua yenyewe. Ukimwomba konda akushushe kila inapokujia, mwili utajifunza kwamba daladala ndiyo hatari, na baada ya muda utaanza kuogopa hata kufika stendi.

SWALI: Nina pumu. Vumbi la sokoni likinibana kifua ninavuta dawa mara nyingi, lakini moyo ndio unazidi kudunda. Rafiki amenipa propranolol akisema inatuliza. (Mfanyabiashara, Kilombero, Arusha)

JIBU: Usiimeze. Propranolol inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, na kwa anayetumia insulini huficha mapigo ya moyo na mtetemeko unaomtahadharisha kuwa sukari inashuka. Kudunda kwa moyo kunaweza kusababishwa na salbutamol yenyewe, yaani dawa ya pumu ya kuvuta, hasa ukiivuta mara kwa mara. Miluzi, kikohozi na ugumu wa kutoa hewa huelekea pumu; kuhema harakaharaka bila miluzi, pamoja na ganzi ya vidole na midomo, huelekea hofu. Hata hivyo, kifua kilicho kimya, kisichotoa miluzi, huku huwezi kumaliza sentensi ni dharura. Kupumulia ndani ya mfuko, kama wengi wanavyoshauriana, usikujaribu kabisa.

SWALI: Mke wangu ana presha na hupatwa na hofu hii usiku. Ndugu wanasema ni mapepo, naye anataka kuacha vidonge. (Mume, Sakina)

JIBU: Aombewe, na vidonge aendelee navyo, kuviacha ghafla kunaweza kupandisha presha. Presha hupanda kwa muda mtu anapoogopa, kwa hiyo kipimo kimoja cha usiku wa manane kisiwafanye mwongeze dozi. Mpimeni tena akiwa ametulia.

SWALI: Ni lini niende hospitali, na je, hali hii inatibika?

JIBU: Nenda mara moja ikiwa ni mara ya kwanza, ikiwa maumivu ya kifua yanaelekea mkononi au kwenye taya, ukizimia, au ikiwa dalili zinakataa kupungua. Mwenye kisukari au presha yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo, kwa hiyo neno "ni wasiwasi tu" lisitamkwe kabla hajapimwa. Na ndiyo, inatibika. Kwenye kliniki yako omba rufaa ya kwenda kwa wataalamu wa afya ya akili, iwe hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi, au Mount Meru kwa walio Arusha. Tiba ya mazungumzo inayomzoesha mgonjwa hatua kwa hatua yale anayoyaogopa husaidia sana, na zipo dawa za kila siku ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Diazepam (dawa ya kutuliza) ya kujinunulia dukani si mojawapo, kwani mwili huizoea upesi na kuiacha huwa kazi. Unapokwenda, beba dawa zako zote, pamoja na za mitishamba, ili daktari aangalie zipi hazipatani.