Bata wa baharini wakati wa baridi, ukiwa kwenye kayaki

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuingia Puget Sound, ghuba ya bahari katika jimbo la Washington, Marekani, na kayaki mwezi Januari kutazama ndege. Inafaa sana! Majira hayo ndiyo bata wa baharini wanaozaliana Alaska na Kanada hushuka huku. Miongoni mwao mtafute dume wa aina iitwayo surf scoter, mweusi tii mwenye mabaka meupe kipajini na kisogoni, mdomo wa rangi ya chungwa. Hupiga mbizi kufuata kome na kuwameza wazima, na magamba yao. Akiruka utasikia mabawa yakilia kama mluzi.

Usimwendee moja kwa moja. Pitia ubavuni, laza kasia mapajani, uache mkondo ukusogeze. Kundi likinyoosha shingo kwa pamoja, umeshakaribia mno, rudi nyuma. Kurushwarushwa kwenye baridi kunawamaliza nguvu.

Ila nakusihi, maji yale huwa kama nyuzi 8 tu. Vaa suti isiyopitisha maji na jaketi la kujiokolea hata jua likiwaka. Ukipinduka, mikono hufa ganzi ndani ya dakika chache, na kupanda tena chomboni inakuwa shida. Tembea karibu na ufuko, na mwenzako.